Shaba ya Ukutani

Ukweni walimwita Bwana Udongo, na yeye hakuchukia, maana ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa mtaalamu wa kemia ya miamba katika kampuni ndogo ya utafutaji madini, na mwaka ule alikuwa akikusanya udongo wa vichuguu. Mchwa huchimba mita nyingi kwenda chini kutafuta maji, na wakirudi hupandisha chembe za mwamba usioonekana. Ukipima kichuguu, umepata habari za chini bila kushika sururu. Walikuwa wanatafuta shaba. Kila baada ya mita mia mbili, kichuguu kimoja, mfuko mmoja, namba moja.

Mstari wa kumi na nne wa ramani yao ulipita nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake. Hapo palitakiwa kichuguu, lakini palikuwa na kamba ya kuanikia nguo tu.

"Kilikuwapo," mama mkwe alimwambia, akichambua maharage mlangoni. "Nilikibomoa mwaka mlipooana. Ndicho kilichokandika jiko hili."

Bwana Udongo akautazama ukuta wa jiko. Kichuguu kizima kilikuwa kimesimama mbele yake, kimepakwa chokaa. Aliona haya, mtu haendi ukweni kubomoa. Lakini lile pengo kwenye ramani lilikuwa linamwasha.

"Mama, naomba nikwangue kidogo. Nyuma ya kabati, pasipoonekana."

"Kwangua, mwanangu. Ila ukuta ukianguka, utanipikia wewe."

Alitoa chokaa kwanza, akafikia udongo wenyewe, akajaza mfuko na kuandika namba.

Ofisini, mkuu wa utafiti, mama asiyepoteza maneno, aliuinua ule mfuko kwa vidole viwili. "Tangu lini ukuta ukawa kichuguu?"

"Udongo ni uleule, mkuu. Umehama hatua kumi tu."

"Haya, upelekwe maabara. Lakini hili ni juu yako."

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Vichuguu vya jirani vilikuwa na shaba sehemu tisini kwa milioni, au chini ya hapo. Ukuta ulikuwa na elfu moja na mia moja. Mkuu, yule aliyeudharau mfuko, ndiye aliyelisogeza shimo la kwanza la mashine ya kutoboa miamba hadi mita arobaini kutoka jiko lile. Bwana Udongo alitembea kifua mbele siku mbili nzima. Akamwambia mkewe, na mkewe akampigia mama yake simu.

Mama mkwe hakufurahi. "Wakikuta kitu, si watanihamisha? Niende wapi na miaka yangu sabini?"

Mke alikata simu, akamgeukia mumewe. "Ungeliacha tu lile pengo."

"Namba ni namba," alijibu.

Alhamisi moja, akiandaa ripoti, aliweka safu ya kobalti, metali nyingine waliyoipima, kando ya safu ya shaba. Katika eneo lote, shaba ilipopanda, kobalti nayo ilipanda, kama ndoo na kamba yake. Kwenye ukuta, shaba ilikuwa imepanda mara kumi na mbili, na kobalti haikutikisika. Aliomba maabara wapime tena. Majibu yakawa yaleyale. Basi shaba ilikuwamo kweli, ila ilikuja bila mwenzake, na alianza kushuku kwamba haikupandishwa na mchwa.

Angeweza kunyamaza. Mashine ilikwisha kukodiwa, mkuu ameridhika, na shimo likitoka tupu, watu wangesema ni bahati mbaya. Jumamosi iliyofuata majibu hayo alikwenda ukweni.

"Mama, ule udongo wa jiko, uliuchanganya na nini?"

"Majani makavu. Majivu. Maji."

"Basi?"

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Na mrututu."

"Mrututu kiasi gani?"

"Kopo zima. Fundi aliniambia nikitia mrututu, mchwa hawarudi kudai udongo wao. Na kweli hawajarudi."

Bwana Udongo alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima huyeyusha na kunyunyizia mimea, umetengenezwa kwa shaba. Akaanza kucheka. Mama mkwe hakucheka.

"Kwa hiyo ukuta wangu umekudanganya?"

"Hapana, mama. Umesema kweli. Mimi ndiye sikuuliza."

"Hukuuliza," alikubali. "Uliomba kukwangua tu."

Siku hiyohiyo alitoboa kwa keekee ya mkono pale kichuguu kilipokuwa, mita tatu, jasho likimtiririka na mama mkwe akimhesabia mapumziko. Udongo uliotoka huko chini, ulipopimwa, ulikuwa na shaba sehemu themanini na tano.

Alisimama mbele ya mkuu, karatasi mkononi, akaeleza yote. Mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani ningeleta mashine kutoboa kopo la mrututu."

"Ndiyo, mkuu."

"Aliyeikosea ripoti aiandike upya. Na kosa uliandike kwa jina lako, ukurasa wa kwanza."

Aliliandika. Wenzake walimtania mwezi mzima. Kila aliyeleta mfuko aliulizwa ameubandua jikoni kwa nani.

Mashine ilipelekwa mstari wa tisa, ambako shaba na kobalti zilipanda pamoja. Shimo la kwanza halikutoa kitu. La pili lilitoa mita nne za mwamba wenye shaba, mita themanini chini. Si mgodi, ila liliwapa kazi mwaka mwingine.

Bwana Udongo alikwenda mwenyewe kumwambia mama mkwe kwamba hatahamishwa na mtu. Mama mkwe akataka kujua kama yale malori ya kampuni yataendelea kupita barabara ileile, maana vumbi lake lilikuwa limemchosha.