Mawifi Waliofungwa Mguu

Fundi wa friji alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: rekodi za dunia. Hakuwa mkimbiaji wa kutisha. Ukimwingiza kwenye mbio za kawaida angefika katikati ya kundi, ametota jasho na kufurahi, na hakuna mtu ambaye angemkumbuka. Ndiyo maana alitafuta milango ya pembeni. Alijaribu kukimbia kinyumenyume, akatumbukia kwenye mtaro mbele ya wateja wake. Alijaribu kukimbia huku akiruka kamba, kamba ikamnasa shingoni. Mwaka mmoja alikimbia akiwa ndani ya boksi la friji, ametoa kichwa na mikono tu. Upepo ukaligeuza boksi, naye akamaliza wa mwisho akiwa amelibeba begani.

Mkewe alikuwa amezoea. Alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo iliyopakana na duka la dawa, na yeye alikimbia kwa ajili ya mgongo tu. Kazi ya kusuka ni ya kusimama umeinama kutwa, kwa hiyo kabla ya kufungua saluni alizunguka mitaa mpaka mwili ukalegea. Fundi alipokuja na wazo la kukimbia marathoni ya miguu mitatu, yaani watu wawili bega kwa bega, mguu wa huyu umefungwa na wa yule mwendo wote, Msusi hakubisha sana.

"Afadhali hii," alisema. "Haina boksi."

Masharti ya shirika linaloandikisha rekodi yalikuwa mepesi kuelewa. Mkanda wa kifundoni usifunguliwe hata mara moja, na shahidi ambaye si ndugu awafuate kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fundi alikata mkanda wa begi kuukuu la shule, akaushonea sifongo kwa ndani, na mume na mke wakaanza mazoezi. Walikuwa wanaendelea vizuri. Kisha, zikiwa zimebaki wiki chache, Fundi akaanguka kutoka kwenye ngazi akitengeneza feni ya chumba cha baridi kwenye bucha. Goti likaumuka kama mkate. Daktari akamwambia asahau kukimbia kwa msimu mzima.

Akakaa siku mbili mguu juu ya stuli. Siku ya tatu akasema, "Dada anaweza."

Msusi alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. "Dada yupi?"

"Dada yangu. Nina mwingine?"

"Mume wangu, mimi na wifi hatukai meza moja. Leo unataka kunifunga naye mguu?"

"Vimo vyenu ni sawa. Hatua zenu ni sawa. Halafu ipo rekodi ya wanawake peke yao, na hiyo ni nyepesi kuliko yetu."

"Nyepesi kwako wewe uliyekaa," alisema Msusi. Lakini hakusema hapana.

Huyo dada alikuwa mwokaji. Alisimamia mashine za kukandia unga kwenye kiwanda cha mikate, na mashine zikigoma alikanda mwenyewe. Alikuwa na mikono ya kubeba magunia na mapafu ya kuzima tanuri, na kila mwaka alikimbia katika timu ya kiwanda. Fundi alikuwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyemlea mgongoni. Wifi yake ndiye hakumpenda, na sababu ilijulikana na ukoo mzima. Mama yao aliugua muda mrefu nyumbani kwa Fundi, akauguzwa na Msusi, akafa mchana mmoja Mwokaji akiwa zamu. Habari zilimfikia kupitia kwa jirani. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Tangu siku hiyo alimsalimia Msusi kwa salamu za kooni, zile ambazo mdomo haufunguki.

Fundi alikwenda na magongo yake mpaka kwenye geti la kiwanda, akamsubiri atoke. Mwokaji alimsikiliza huku akijikung'uta unga kwenye nyusi.

"We mtoto," alisema, "hata ukianguka unaanguka na mipango."

"Dada, nakuomba."

"Nitakimbia. Kuongea sijaahidi."

Wakafanya mazoezi kwenye uwanja ulio nyuma ya maghala, jioni, Fundi akiwa kwenye kiti cha plastiki anapiga kelele. Siku ya kwanza walianguka kama gunia lililopasuka, wakainuka, wakaanguka upande wa pili. Shida ilikuwa mikono. Mtu hawezi kukimbia hivyo bila kumshika mwenzake kiuno, na hawa kila mmoja alishika hewa. Fundi akasema washikane. Wakajifanya hawakusikia. Ni mpaka Msusi alipochubuka kiwiko na Mwokaji akauma ulimi ndipo mkono wa kwanza ulipozunguka kiuno cha wifi, polepole, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama bado ni ya moto.

Mwokaji ndiye aliyeita hatua. "Ndani" ilikuwa miguu iliyofungwa, "nje" ilikuwa miguu iliyo huru. Ndani, nje, ndani, nje. Kwa wiki hizo zote hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Wakimaliza, Mwokaji alifungua mkanda, akaaga mdogo wake, akaondoka.

Siku ya mbio, shahidi aliyepangwa alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwembamba mwenye baiskeli, filimbi shingoni na kamera kwenye kofia. Alilichukua jambo lile kwa uzito mno. Alikagua mkanda, akauvuta, akaukagua tena.

"Jicho langu halitoki kwenye vifundo vyenu," aliwaambia. "Msinisemeshe, mimi si mwenzenu."

Walianza nyuma ya kundi ili wasikanyagwe. Kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda sawa. Watu kando ya barabara waliwapigia makofi, wengine walikufa kicheko. "Mwachie mwenzio!" alipiga kelele muuza vocha mmoja. "Kwani unamdai?" Mawifi hawakugeuka. Ndani, nje. Fundi alikuwa amepakiwa na rafiki yake kwenye pikipiki, akatokea njia panda akipunga gongo. Walikuwa mbele ya muda wa rekodi, na walilijua hilo kwa jinsi alivyokuwa anaruka kwa mguu mmoja.

Baada ya nusu ya njia, Mwokaji akaanza kuita hatua kwa sauti ya kubana. Mwisho Mwokaji akasema neno lake la kwanza lisilo ndani wala nje.

"Wifi, nimebanwa."

"Umebanwa na nini? Mkanda?"

"Haja."

Msusi alifikiri kidogo. "Kubwa au ndogo?"

"Unataka nikuandikie? Ndogo!"

Mbele kulikuwa na vyoo vya plastiki vilivyowekwa kwa ajili ya wakimbiaji. Walisimama mbele ya kimojawapo na kukitazama. Mlango ulikuwa wa mtu mmoja, tena mtu mwembamba. Mwalimu wa kuogelea alishuka kwenye baiskeli.

"Mkanda haufunguliwi," alisema.

"Tunajua," alisema Msusi. "Tunaingia wote."

"Basi mlango ubaki wazi kidogo chini. Lazima nione miguu."

"Mama, unaona wapi mlango unaofunguka chini peke yake?" Mwokaji alikuwa ameshaanza kuchezacheza.

Ikaamuliwa miguu iliyofungwa itoke nje na mlango ushikiliwe hapohapo. Mwalimu wa kuogelea akaushika, akapiga magoti kwenye lami, kamera ikiangalia vifundo. Ndani, Msusi alikuwa amebanwa ukutani, uso wake kwenye shingo ya wifi, akishikilia bukta ya wifi isiguse sakafu.

"Usinitazame," alisema Mwokaji.

"Nitazame nini humu? Giza."

"Na usisikilize."

Hapo Msusi akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamtoka chote, na choo kizima kikaanza kutikisika. Mwokaji akamwambia aache, mara akaanza na yeye. Walicheka mpaka mwalimu wa kuogelea akapuliza filimbi kwa kudhani wamezimia.

Walipotoka na kuanza tena, mdomo wa Mwokaji ulikuwa umelegea. Aliita hatua kidogo, kisha akauliza huku akitazama mbele, "Kwa nini hukunipigia simu?"

Msusi hakuuliza siku gani.

"Daktari aliniambia ana wiki, pengine zaidi. Nikamwamini. Asubuhi ile alikunywa uji vizuri tu. Nilikuwa nimeshika kitana, namchana nywele, akaenda. Nilipokupigia simu yako ilikuwa imezimwa."

"Huwa naizima na kuiacha kwenye kabati. Unga unaingia."

"Ningempigia nani kiwandani? Simjui mtu. Jirani akasema anapita huko, atakuambia."

Walikimbia. Ndani, nje.

"Aliniulizia?" alisema baadaye.

Mwokaji alihisi kiuno cha Msusi kinakaza mkononi mwake.

"Wifi, mwisho mwisho akili ilikuwa inatoka na kurudi. Aliniita kwa jina lako. Siku nyingi. Mwanzoni nilimwambia, mama, mimi mkwe wako. Alikuwa analia nikimwambia hivyo. Basi nikaacha. Akiita jina lako, naitika."

Mwokaji akasimama. Kwa kuwa hakutangaza, Msusi aliendelea na hatua yake, wakayumba, wakaenda chini wote magoti na viganja. Mwalimu wa kuogelea akafunga breki na kuinama kuangalia mkanda. Ulikuwa bado umefungwa.

"Aliniita mimi," alisema Mwokaji akiwa amekaa barabarani. "Ukaitika wewe."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia, muda wote huu."

"Ningekuambia lini? Ulikuwa hata maji yangu hunywi."

Wakimbiaji wa kawaida waliwapita huku na huku. Mmoja alisimama kuwapa maji, akaziona sura zao, akayaweka chini taratibu na kuondoka. Mwokaji alijaribu kuinuka aende zake. Mguu ukamrudisha. Angeweza kuufungua mkanda. Vidole vyake viliugusa kabisa. Mwalimu wa kuogelea alikuwa ametega kamera. Msusi alikuwa anatoa kokoto kwenye kiganja.

Muda ulipita, na haukuwa mdogo. Kisha Mwokaji akapitisha mkono kwenye kiuno cha wifi yake, wakajiinua pamoja.

"Ndani," alisema.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mateso tu. Misuli ya paja la Msusi ilikaza, wakatembea, wakakimbia, wakatembea tena. Sifongo ilikuwa imekwisha na mkanda ulikuwa unakula ngozi. Kwenye mteremko wa mwisho, uwanja ukiwa unaonekana, Mwokaji aliuliza, "Alikuwa anasema nini? Akidhani ni mimi."

"Alikuwa anasema umekonda. Ananiambia nile."

"Wewe? Ukonde?" Mwokaji alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, ikaharibika njiani. Machozi yalichanganyika na jasho na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kazini na mwingine ulikuwa unapiga hewa. "Ukala?"

"Nilikula. Kila siku nakula chakula changu na chako."

Walivuka mstari wameshikana hivyo hivyo. Fundi alikuwa pale, kwenye magongo, na uso wake uliwaambia kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wameikosa rekodi kwa muda wa mtu kunywa chai. Shahidi alifungua mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akaandika ripoti yake safi, akawakumbatia wote wawili bila kuombwa, kisha akaondoka na baiskeli.

"Hebu nielezeni," alisema Fundi. "Mlikuwa mbele. Mbele kabisa! Mlisimama wapi?"

"Chooni," alisema Mwokaji.

"Choo hakiwezi kula muda wote huo."

"Tulikuwa na maongezi," alisema Msusi.

Fundi alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akafyata ulimi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha swali la rekodi likiwa bila jibu.

Mwokaji hakuweza kwenda kwake siku ile. Miguu ilikataa ngazi za kwake. Akalala kwa mdogo wake, kwenye chumba alichouguzwa mama yao, na Msusi akampelekea beseni la maji ya moto na chumvi. Kwa muda akabaki mlangoni na taulo. Mwokaji alikuwa ameutazama ukuta, mahali kitanda kilipokuwa kimeegemea na rangi kufifia.

"Alikuwa analala ameelekea dirishani?" aliuliza.

"Mchana dirishani. Usiku mlangoni, aone nani anaingia."

Mwokaji akasogea kidogo kwenye godoro, akapapasa nafasi iliyobaki. Msusi akakaa, akaingiza miguu yake pia kwenye beseni, na maji yakamwagika sakafuni. Wakaanza kulaumiana nani ameyajaza kupita kiasi, na Fundi aliyekuwa sebuleni akawasikia wakibishana, tena kwa sauti za juu. Akapunguza redio asikilize vizuri.