Mkwe Gizani

Kwao Hombolo, mama mkwe hali chakula na mkwewe wa kiume. Wakikutana njiani, mmoja hupisha pembeni na kutazama kando mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo Nikodemo, aliyebaki na nyumba tupu tangu mkewe Loisi arudi kwa mama yake, hakuwa hata na mahali pa kwenda kupiga magoti. Na Loisi alishatamka: "Mama akikubali, narudi. Asipokubali, basi."

Ndipo akasikia habari za mgahawa mpya Dodoma mjini, ambako watu hula katika giza totoro hata saa saba mchana, wakihudumiwa na wasioona. Humo angeketi na mama mkwe bila kumwona wala kuonwa. Akatuma mwaliko kupitia shangazi yake. Siku ilipofika, akajibanza nyuma ya jengo mpaka Yotham, mhudumu, alipokuja kumwambia kwamba bibi ameshaketi.

Wakapita mapazia matatu mazito. Nikodemo akapapasa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo umenifungia stoo unilishe?"

Yotham akaweka sahani mbili za ugali na mlenda, kila mtu na yake, akaondoka.

"Haya, sema. Masikio sikuyaacha nyumbani."

"Mama, msiba wa baba yake Loisi sikuja kwa sababu bosi alininyima ruhusa. Kamati ya kazini ilikuwa safarini, na dereva ni mimi."

"Uliiomba hiyo ruhusa?"

Uongo huo alimwambia Loisi bila kupepesa macho. Sasa aliuacha.

"Sikuomba, mama. Niliogopa gari wangempa mwingine."

Sauti ya mama mkwe ikaja, kavu. "Wakwe zangu wanne walichimba kaburi. Watu wakaniuliza, wa tano yuko wapi? Nikasema yuko njiani. Nikasema hivyohivyo mpaka shimo likajaa udongo."

"Nisamehe. Nitalala mlangoni kwako. Niambie la kufanya, lolote, nitafanya. Nirudishie Loisi tu."

Nikodemo alipopeleka mkono kwenye ugali wake, vidole vyake vikagongana na vidole vingine. Akashtuka, akaurudisha mkono. Mama mkwe alikuwa anamega kwenye sahani yake yeye Nikodemo! Moyo ukamruka: amenifanya mwanawe wa kumzaa.

"Mama… umenisamehe?"

Akamsikia anatafuna taratibu, anameza.

"Nikodemo," akasema, yeye ambaye hajapata kumtaja kwa jina. "Mimi sili na mkwe wangu. Na leo nimekula na wewe. Basi wewe si mkwe wangu tena. Nikifika nyumbani, Loisi nitamwambia hivyo."

Kiti kikakwaruza sakafu. "Yotham, mwanangu, nitoe nje."

Nikodemo akainuka, paja likagonga meza, sahani ikaanguka. "Mama, hiyo haihesabiki! Ni giza! Hakuna aliyeona!"

Watu wa meza ya jirani wakaangua kicheko, wakidhani naye anaufurahia mchezo wa kula gizani.