Nyanya Zisizoombewa

Kazi aliyoipata Metrine pale Dubai Silicon Oasis haikuwa ya kila mtu. Wenzake wa kutoka Bungoma waliajiriwa kufagia, kupokea simu na kulea watoto wa watu. Yeye aliajiriwa kutomwamini Mungu. Alikatiwa viza kwa ajili hiyo, akapewa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Wako wengi duniani wanaoifanya kazi hiyo bure, tena kwa bidii, na hakuna anayewapa hata kikombe cha chai.

Mwajiri wake, sir Waleed, alikuwa na shahada mbili na viatu vyeupe visivyojua vumbi. Siku moja, akiwa amekwama kwenye foleni ya magari, lilimjia wazo kwamba wanadamu wamemwabudu Mungu karne na karne bila uthibitisho wa kisayansi, na kwamba pengo hilo lilikuwa likimngoja yeye. Akafungua kampuni. Kampuni ikakodi vyumba viwili vinavyofanana, kila chumba kikajazwa miche ya nyanya, taa za aina moja, maji kwa kipimo kimoja. Nyanya za chumba cha kwanza zingeombewa. Za chumba cha pili zisingeombewa na mtu. Zile za kwanza zikistawi kuliko za pili, basi Mungu yupo, na wawekezaji watakuwepo pia.

Chumba cha kwanza walipewa Famau, mtu wa Lamu aliyekuwa akiuza manukato Deira, na Elisante, Mtanzania kutoka Same aliyekuwa mlinzi wa jengo kule Marina. Muislamu mmoja na Mkristo mmoja, ili asije mtu akalalamika kwamba upande wake umeonewa. Chumba cha pili ndicho kilichompa sir Waleed taabu. Alimtaka mtu ambaye asingeomba hata kwa bahati mbaya, na katika mji ule watu wa namna hiyo hawajitangazi.

Kwenye usaili alimwuliza Metrine mara ya mwisho aliomba lini.

"Siku tuliyomzika mdogo wangu," Metrine akajibu.

Sir Waleed akatabasamu kama mtu aliyepata saizi yake ya kiatu. Hakuuliza mdogo mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa Pius, na figo zake zilikufa kabla yake. Mama yao alifunga mpaka akakonda, akina mama wa maombi walikesha sebuleni, na Metrine mwenyewe alipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali akaahidi mambo ambayo hata asingeweza kuyatimiza. Pius akafa vilevile. Tangu hapo Metrine hakugombana na Mungu. Alimkatia simu tu.

Masharti ya kazi yalikuwa mepesi kwa kuyasikia. Ndani ya chumba cha pili ni marufuku kuomba, kushukuru, au kutaja inshallah. Hebu jaribu kuishi Dubai siku moja bila inshallah. Fundi wa kiyoyozi akiuliza kama aje kesho, Metrine hutoka hadi korido, humjibu inshallah akiwa huko, kisha hurudi kwenye nyanya zake akiwa safi. Utafiti ulilindwa namna hiyo.

Nyanya zenyewe hazikuwa zimeambiwa matokeo yanayotakiwa. Za Metrine zilirefuka, zikachanua, zikaanza kuzaa. Za kule kwa waumini ziligeuka manjano, zikajikunja, zikainamisha vichwa kama watu waliofiwa.

"Dada Metrine," Elisante alimvizia jikoni, uso umemshuka. "Hivi shetani anaingia nchi hii kwa viza gani?"

Metrine akaenda kuzitazama. Majani yaling'aa kama mandazi yaliyotoka kwenye karai, na udongo ulikuwa tope.

"Elisante, umezipaka nini?"

"Mafuta ya upako kidogo tu. Asubuhi na jioni."

"Na haya maji?"

Famau akakohoa. "Hayo ni yangu. Ni maji ya kusomewa. Dua kavu haina uzito, mwanangu."

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliona dini ya pili isije ikampita, basi huyu akaongeza maji na yule akaongeza mafuta. Mizizi ikazama, majani yakakaangika chini ya taa. Miche ile ilikufa kwa baraka.

Mgeni wa kuitazama, madam Lamees, mwekezaji mwenye fedha zake, alikuwa afike siku mbili baadaye. Sir Waleed aliingia chumba cha kwanza, akatoka, akaingia cha pili, akatoka, akakaa sakafuni na viatu vyake vyeupe.

"Khalas, imekwisha," alisema. "Tumethibitisha kwamba hayupo. Sasa nitakwenda kumtangazia nani jambo hilo, katika nchi hii?"

Elisante na Famau walisimama mlangoni wakimtazama Metrine. Akiwataja, wangefukuzwa. Asipowataja, kampuni ingefungwa na wote watatu wangerudi makwao. Lakini sir Waleed mwenyewe akamfungulia njia.

"Una hakika hakuna aliyeziombea zako?"

"Labda mama yangu," Metrine akasema. "Nilimwambia nalea nyanya. Kila Alhamisi wana maombi, na akina mama wale hawachagui cha kuombea."

Aliusema ukweli huo kama mtu anayetupa mfupa ili mbwa wasimfuate. Sir Waleed akasimama. Macho yake yalikuwa yameshafika mbali. Chumba cha pili, kumbe, ndicho kilichoombewa! Tena kutoka Afrika, kwa mdomo wa mama maskini, bila mafuta ya kuwapaka wawekezaji machoni. Utafiti ukageuzwa kama chapati, upande wa pili ukawa juu, na kwa saa chache tu ikaonekana kwamba ndivyo ulivyopangwa tangu mwanzo. Alichotaka sasa ni kwamba Metrine ampigie mama yake simu ya video mbele ya madam Lamees, atoe ushuhuda.

Metrine hakulala vizuri tangu hapo. Kazi aliitaka, na wale wanaume wawili aliwahurumia. Lakini kumsimamisha mama yake mbele ya tajiri aseme kwamba maombi yake yanafanya kazi, tena kwa nyanya! Alihisi kama anakwenda kumtemea Pius mate kaburini.

Siku ikafika. Madam Lamees alikaa chumba cha pili katikati ya nyanya nyekundu, skrini kubwa ukutani. Mama akatokea amevaa kitambaa cha kanisani.

"Muulize kama aliziombea," akasema sir Waleed, ambaye Kiswahili hakukijua.

Metrine akauliza.

"Niliomba," Mama akajibu. "Nani hangeomba? Si ni kazi ya mtoto wangu? Zimekua?"

"Zimekua, Mama."

"Basi Mungu ni mwema."

Hapo ilitosha. Sir Waleed alikuwa ameshaanza kupanua mikono. Lakini Metrine alizitazama zile nyanya zilivyonona, kila moja na afya yake, akaisogelea skrini.

"Mama, na Pius? Pius hukumwombea kama hizi nyanya?"

Mama akavua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kitambaa, kioo kimoja kisha cha pili, hata madam Lamees akainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Pius nilimwombea mpaka magoti yakavimba," alisema. "Hizo nyanya nilizitaja mara moja tu, tena watu wameshasimama kwenda nyumbani. Huyo mwajiri wako anasema anataka kumthibitisha Mungu?"

"Ndiyo."

"Mwambie akimpata asimwachilie. Anipigie simu hata kama ni usiku, nina swali la kumwuliza. Mimi najua yupo, Metrine. Ningekuwa sijui, ningenyamaza kama wewe. Kila siku namwuliza swali hilo moja, na kesho nitamwuliza tena."

Machozi yalimtoka Metrine akiwa hajajiandaa. Sir Waleed akamshika bega kwa furaha, kwani machozi hayakuwa kwenye ratiba na yalikuwa yamekuja mahali pazuri.

"Amesema nini?"

Metrine akafuta uso. Hakutoka kwenda korido.

"Anasema inshallah."

Madam Lamees akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na sir Waleed akapiga makofi, sharti lake mwenyewe limemtoka akilini. Mlangoni Famau na Elisante wakashusha pumzi. Kwenye skrini Mama alikuwa bado hajakata simu. Metrine naye hakukata.