Ampuli za Wodi ya Watoto

Asubuhi ya Jumanne mhifadhi wa makumbusho ya tiba alivaa glavu zake za pamba, akawasha taa ya mezani, akafungua droo ya ampuli na kukuta nyingine imejaa. Safari hii ilikuwa ile yenye kipande cha plasta kilichoandikwa "Dirishani". Aliinua kichupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa maangavu, yamefika shingoni, na kioo hakikuwa na ufa. Alichukua kadi yake, akakata neno "tupu", akaandika "imejaa", kisha akatoka kunywa chai, maana mezani pale chai ilikuwa marufuku.

Ampuli zile zilifika makumbushoni zikiwa tupu. Ni vile vichupa vya kioo chembamba vya dawa ya sindano, ambavyo muuguzi huvivunja shingo, akavuta dawa, akavitupa. Hivi havikutupwa. Profesa, alipokuwa bado daktari kijana wa wodi ya watoto, aliviokota kila baada ya sindano, akaviziba shingo kwa moto wa taa ya spiriti na kubandika jina la kitanda. Vitanda vya wodi ile havikuwa na namba. Wauguzi waliviita kwa mahali vilipokaa: Dirishani, Mlangoni, Chini ya Saa, Karibu na Sinki. Alipostaafu alitoa droo nzima kwa makumbusho, watu wakampigia makofi. Mvua za mwaka huu zilipoanza, ampuli nazo zikaanza kujaa zenyewe, moja leo, nyingine wiki ijayo. Fundi bomba aliitwa, akatazama dari, akasema hilo si la bomba, akaenda zake.

Mhifadhi aliporudi kutoka chai alifanya kama afanyavyo kwa kila kioo: aliipeleka ampuli sikioni na kuigonga kwa ukucha. Kioo kizima hulia, na chenye ufa usioonekana hutoa mlio mfu. Dirishani ililia vizuri. Mlio ulipokwisha akamsikia mama yake.

"Baba, njoo ule. Chakula kinapoa. Baba, si nakuita wewe?"

Mama yake alikuwa amefariki zamani. "Baba" ni kaka yake, aliyerithi jina la babu yao mzaa mama, kwa hiyo mama hakuweza kumwita vinginevyo. Mhifadhi alisikiliza. Mama aliita tena, kwa upole, kisha si kwa upole. Halafu kikasikika kofi, na mama akisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akaanza kuita upya, kutoka mwanzo.

Kaka yake alitoka wodi ile homa ikiwa imepona na masikio yamekufa. Nyumbani hawakujua. Walimwona mtoto mkaidi, anaitwa hageuki, anatumwa haendi, na alichapwa kwa ukaidi huo hadi shangazi mmoja alipoangusha sufuria nyuma yake naye akaendelea kuchezea kamba yake. Siku ile mama alikaa chini jikoni na hakupika.

Mhifadhi alizisikiliza na nyingine. Mlangoni kulikuwa na mwalimu akiita majina darasani, na jina moja likiitwa mara nyingi kuliko mengine. Karibu na Sinki kulikuwa na msichana anayeimbiwa. Chini ya Saa kulikuwa na honi ya lori, ikikaribia, na baada ya hapo hakuna kitu. Kila kichupa kilikuwa na masikio ya mtoto mmoja, na yote ambayo masikio yale yangesikia.

Mkurugenzi wa makumbusho aliteremka mchana kuona maandalizi. Jumamosi ukumbi mkuu ungefunguliwa kwa jina la Profesa, na Profesa mwenyewe angehutubia. Mkurugenzi aliweka ampuli moja sikioni, akakunja uso.

"Zinapiga kelele."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Ni wale watoto."

"Zitatuharibia hotuba. Halafu kanuni unazijua, dada yangu: dawa ya zamani isiyojulikana haikai kwenye maonyesho. Vunja, mwaga kwenye sinki, suuza, rudisha vioo. Kioo ndiyo historia."

Mhifadhi alisema sawa. Mtu akitaka kuchelewesha jambo kazini, husema sawa.

Jioni alipitia kwa kaka yake na Dirishani ndani ya kisanduku cha miwani. Kaka yake alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kelele. Jina lilitokana na cherehani yake, iliyokuwa ikilia kama mlango wa ghala, naye akikanyaga pedeli kutwa bila habari, mpaka majirani wakaja kwa pamoja, wakamshika mkono na kumwekea kiganja kwenye gurudumu. Aliona haya sana. Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya uzi na sindano, aliitia mafuta kwa kikopo chenye mdomo mrefu, na mtaa ukatulia. Jina lilibaki, kwa kuwa jina la utani halina mafuta yake.

Walizungumza kwa mikono, lugha yao ya nyumbani ambayo mama ndiye aliyeianzisha, akiomba radhi. Mhifadhi alimweleza. Bwana Kelele alitazama kichupa, akaegemeza kichwa mezani na kugonga sikio lake kwa kidole: tia.

Mhifadhi alikata shingo ya kioo kwa tupa ndogo, akatia tone moja, akasubiri. Akatia la pili. Kisha akapiga makofi nyuma ya kichwa cha kaka yake, akaita kwa jina ambalo mama pekee alilitumia. Bwana Kelele hakugeuka. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili lilikuwa limeuawa na dawa yenyewe, na humo ndani hapakuwa na pa kupokelea kitu tena.

Bwana Kelele alijifuta shavu. "Ndani kuna nini?" akauliza kwa mikono.

"Mama anakuita ule."

"Ana hasira?"

"Mwanzo hapana."

Bwana Kelele aliziba shingo ya kichupa kwa nta ya kupakia uzi, akakirudisha kwenye kisanduku, akashona suruali ya watu mpaka giza likaingia. Mhifadhi alikaa naye na kulia, na kaka yake akamwacha alie.

Ijumaa walikuwa wote wawili ukumbini. Mkurugenzi alihitaji pazia la kufunika jina ukutani, la kufunuliwa kesho yake, na fundi wa karibu alikuwa Bwana Kelele. Alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, Profesa alipoingia na fimbo yake kuja kuona ampuli zake. Kifaa cha kusikilizia kilipiga mluzi sikioni mwake.

"Shikamoo, Profesa."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, huku kumekufa."

Alichukua ampuli moja baada ya nyingine, akaziweka sikioni, akitikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi yake. Alipofika Dirishani alitabasamu.

"Huyu anaitwa aje ale. Namkumbuka. Mtundu sana, tulikuwa tunamshika watu wawili."

"Mlijua kwamba inaua masikio?" mhifadhi aliuliza kwa sauti iliyofika darini.

"Tulijua mapema tu. Yule wa karibu na sinki bomba lilikuwa linavuja, hasikii." Alirudisha kichupa mahali pake kwa uangalifu. "Lakini homa ilikuwa inashuka. Swali likabaki kiasi gani kinatosha. Na huwezi kujua kinachotosha mpaka upitilize."

"Na wazazi mliwaambia?"

"Wangekataa," alisema Profesa, akimshangaa kidogo kwa kuuliza.

Kisha akaketi kwenye kitanda cha zamani cha kupimia wagonjwa, chini ya kibao kilichoandikwa usikalie, akavua kifaa chake.

"Mjukuu wangu akinisalimia simsikii. Kesho nina hotuba. Na Mkurugenzi ananiambia hizi zinamwagwa. Sasa zimwagwe za nini? Zilikuwa dawa yangu. Nitilie, mwanangu, tia mpaka nisikie."

Mhifadhi alimtazama kaka yake. Bwana Kelele, aliyejua kusoma midomo kuliko magazeti, alishuka ngazi. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa shati.

"Mpe," aliashiria.

"Ngapi?"

"Zote."

"Zote ni wodi nzima, kaka."

"Tuone kiasi gani kinatosha."

Mhifadhi akamlaza Profesa ubavu, akamvuta sikio juu kidogo kama wafanyavyo wauguzi. Bwana Kelele alimshika kidevu. Alijua jinsi ya kushika, kwa kuwa aliwahi kushikwa. Shingo za kioo zilivunjika moja moja, tak, tak. Baada ya Mlangoni, Profesa alisema anasikia saa ya ukutani. Baada ya Chini ya Saa alishtuka, akauliza lori linatoka wapi. Baada ya nyingine chache alisema anasikia vizuri kabisa, basi, inatosha.

"Anasemaje?" aliuliza Bwana Kelele.

"Anasema basi."

"Mimi pia nilisema basi." Akamgeuza upande wa pili.

Ikabaki Dirishani. Mhifadhi aliishika bila kuibandua nta, si kwa huruma. Ile ilikuwa sauti ya mama, na nyingine haikuwepo duniani. "Hii niibakize?" aliuliza.

"Mimi mwito huo sikuusikia," aliashiria kaka yake. "Asikie yeye."

Akaimimina mpaka tone la mwisho. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Kisha akasuuza vioo kwenye sinki, kama alivyoagizwa, akavipanga kwenye kabati la maonyesho.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Pazia la Bwana Kelele lilivutwa bila kukwama na jina la Profesa likaonekana, herufi za shaba. Profesa alianza hotuba yake kwa ufasaha, ila kila baada ya sentensi aligeuka, mara mlangoni, mara dirishani, kama mtu anayeitwa. Aliitika "naam" mara kadhaa. Alimwomba mgeni wa safu ya nyuma aache kumeza mate. Mkurugenzi alipanda jukwaani na kutangaza kwamba dawa ya Profesa, baada ya miaka yote hii, imemrudishia mvumbuzi wake masikio, na watu walisimama kupiga makofi. Profesa alijikunyata kwa yale makofi. Jumatatu kibao kipya kiliwekwa kwenye kabati la ampuli: dawa hii huponya homa na huimarisha usikivu. Mhifadhi alikifuta vumbi pamoja na vingine.

Hospitali walimpima Profesa na kumpongeza. Masikio hayakuwa na tatizo lolote. Alitia pamba, akatia nta, akajifunika mito, lakini pamba huziba masikio ya mtu mwenyewe, na yale hayakuwa yake. Mtaani walisema malipo ni hapa hapa duniani, kisha wakaenda kuona ukumbi mpya, maana kiingilio kilikuwa bure mwezi huo.

Siku moja asubuhi alifika kwa fundi cherehani. Mhifadhi alikuwapo, amekuja kupunguziwa sketi. Profesa alikuwa amekonda, shati limefungwa vifungo kombo. Alisimama mbele ya Bwana Kelele na kusema taratibu ili midomo isomeke.

"Yule mama hanyamazi. Anaita mtu aje ale. Nimemwitikia, nimemwambia nakuja, mama. Hanisikilizi, anamjua mwanawe. Nimeulizia, wewe ndiye wa dirishani. Itika mara moja tu. Sema naam, mama, atanyamaza."

Bwana Kelele alikuwa na sauti. Alipoteza masikio akiwa tayari anajua kusema, na neno lile alilijua. Alimtazama Profesa mdomo mpaka ukaacha kwenda. Mhifadhi aliona midomo ya kaka yake ikijipanga kusema, akadhani ataitika, na hakujua kama anataka aitike au la.

Bwana Kelele aliinuka. Alichukua kikopo cha mafuta ambacho alikuwa hajakitumia asubuhi ile, akakifunga kifuniko, akamkabidhi mdogo wake aende nacho kazini, akiweke kabatini pamoja na vile vioo. Nyumba ya Profesa ilikuwa mitaa michache kutoka pale, na kwa masikio yale hiyo ni kama chumba kimoja. Kisha akaketi, akaingiza kitambaa chini ya sindano na kukanyaga pedeli. Profesa aliziba masikio kwa viganja na kuondoka, fimbo ameisahau.

Gurudumu lilikauka siku hadi siku, na kufikia mwisho wa juma cherehani ilikuwa ikilia mpaka majirani wakafunga madirisha. Safari hii hawakuja kumshika mkono. Alishona kutwa, asubuhi hadi jioni, kazi za watu zikamalizika kabla ya ahadi, na Bwana Kelele mwenyewe hakusikia kitu.