Mwanga Kama Mchana

Mke wa mwoka mikate alianguka kwenye banda la gari, akachubuka goti na kuvunja chupa ya mafuta ya kupikia. Mumewe alimwinua huku akijilaumu. Banda halikuwa na dirisha, na swichi ya taa ilikuwa kwenye ukuta wa mwisho kabisa, nyuma ya rafu. Ukitaka mwanga, sharti uvuke giza kwanza.

"Kosa langu, mama watoto. Kesho namwita fundi. Mlango ukifunguka, taa ijiwashe yenyewe."

"Achana nayo, baba watoto. Ni haraka zangu tu."

Lakini mwoka mikate akishika lake haambiliki. Kesho yake alasiri alimleta fundi umeme aliyeitwa Shoti, kwa kuwa siku yake ya kwanza kazini alipiga shoti, akaliacha soko zima gizani. Mlango wa banda ulifunguliwa na mota, kwa rimoti. Shoti alipanda ngazi, akafungua kifuniko cha mota, akachungulia.

"Taa zako hizi ndefu tukizifunga hapa moja kwa moja, mota itaungua," alisema. "Tuweke kifaa cha katikati. Mota ikianza kuvuta mlango, inakishtua, nacho kinawasha taa."

"Yaani kama mnyapara."

"Mnyapara asiyesinzia, mzee wangu."

Walizima umeme, mwoka mikate akashika ngazi, Shoti akavuta nyaya darini. Mzee alifurahi kupita kiasi. Mengi yalikuwa yakimponyoka siku hizi. Mkewe ameacha cherehani, eti wateja wamepungua. Ameacha kuendesha gari, eti mgongo. Akimimina chai hutia kidole ukingoni mwa kikombe. Yote hayo mzee aliyaita uzee. Hili la taa, walau, lilikuwa na dawa.

Giza lilipoanza kuingia, umeme ukiwa umerudishwa, alimwita mkewe nje ya banda, akabonyeza rimoti. Mota ikanguruma, mlango ukapanda. Ndani giza totoro.

Mkewe akapiga makofi. "Ala! Imependeza! Mwanga kama mchana!"

Shoti, aliyekuwa ameshaanza kusema kuna waya umelegea, aliumeza ulimi. Akapanda ngazi polepole, bila kumtazama mtu.

Mwoka mikate alimgeukia mkewe. Alikuwa akitabasamu, uso ameuelekeza pembeni kidogo, kwenye nguzo.

"Mama watoto," alisema. "Taa haijawaka."

Makofi yakakatika. Alishusha mikono taratibu, kama mtu aliyeonywa.

"Tangu lini?"

"Ni muda. Daktari alisema presha ya macho. Alisema kilichokufa hakirudi, hata kwa upasuaji. Mchana naona ukungu. Jioni hata huo sina."

"Na mimi umenificha?"

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Nyuma yao Shoti alikaza waya, taa zote zikawaka kwa mpigo, zikamulika goti lenye plasta, machozi, na yale macho yasiyopepesa.

Mzee akamshika mkono kumwongoza ndani. Mkewe akajitoa, kwa upole.

"Niache, mume wangu. Nyumba yangu bado naijua."

Akatangulia, akipapasa ukuta. Mwoka mikate akamfuata kwa nyuma, mikono miwili ameinyoosha, haimgusi.