Mgonjwa wa Mama Nyamizi

"Hodi tena," alisema Mama Nyamizi, ingawa alikwisha kuingia, maana mlango wenyewe ulikuwa gunia tu. Mikononi alikuwa na sufuria ya uji, ameishika kwa pindo za khanga isimwunguze.

Mgonjwa akafanya kilekile alichofanya jana na juzi. Alivuta blanketi mpaka utosini, akageukia ukutani, akatulia tuli.

"Shikamoo, Mama," sauti ikatoka chini ya blanketi.

"Marahaba, mwanangu. Uji huu. Una maziwa, na usidhani nimeyapata kirahisi."

Mkono haukutokeza kuupokea.

"Basi nikuoshe hicho kidonda kwanza."

Blanketi likakazwa zaidi. Mguu mmoja tu ulitokeza, na juu yake, pajani, nguo iliyofungia kidonda ilikuwa imelowa tena. Harufu yake Mama Nyamizi aliitambua tangu mlangoni, na leo ilikuwa imezidi ya jana. Aliweka sufuria chini, akaketi kwenye kigoda, akangoja. Angengoja mpaka jua lizame, mtu yule asingejifunua. Alipotoka nje tu, hata hajafika kwenye mfereji wa maji machafu, alisikia kijiko kikikwaruza sufuria.

Loo! Mtu gani huyu, anakuamkia kwa adabu kama mtoto wa shule, kisha anakuficha uso?

Mwaka ule ulikuwa wa unga wa njano na wa kupanga foleni ya sabuni. Kanisa lao la Methodisti, upande huu wa Ushirombo, lilikuwa dogo, na wenyewe walitaniana kwamba kwaya ikisimama kuimba, hakuna anayebaki wa kusikiliza. Majirani karibu wote walikuwa Wakatoliki, watu wa kengele kubwa na misa iliyojaa. Lakini ilikuwa ni huyohuyo Mwinjilisti Stanslaus wa kanisa dogo aliyesimama Jumapili moja akasema kwamba kule machimboni kuna watu wanaugua peke yao, wametoka mikoa yote, hawana mama wala shangazi wa kuwachemshia maji. Kila mwanamke achukue mgonjwa mmoja, amfanye wake.

Mama Nyamizi akapewa huyu. Machimboni walimwita Matimba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanga matimba, yaani magogo, ndani ya duara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, ili kuta zisiwaangukie wenzake. Siku moja gogo likamwangukia yeye, likamchana paja. Jina lake la kwao hakuna aliyelijua.

Siku ya kwanza Mama Nyamizi alijitambulisha vizuri, kama ilivyo desturi. "Mimi ni Mama Nyamizi, mke wa marehemu Jilala, wa pale njia panda. Nimetoka kanisani." Hapo ndipo lile blanketi lilipopanda juu, na halikushuka tena.

Naye Mama Nyamizi alikuwa na sababu yake ya kukubali kwenda machimboni. Nyamizi, binti yake wa pekee, aliondoka nyumbani mwaka wa vita vya Kagera, akafuata kijana mmoja mchimbaji ambaye mama mtu hakuwahi hata kumtia machoni. Hakuaga. Baadaye zikaja habari kwamba ameonekana Geita, kisha Kahama, kisha habari zikakatika. Jilala alikufa akiuliza kama kuna mtu amepita njiani. Kwa hiyo kila Mama Nyamizi alipobeba uji kwenda kwa wachimbaji, macho yake hayakutulia, yalikuwa yanapekua kila uso wa mwanamke. Hilo hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba anahudumia wagonjwa huku anatafuta chake?

Alimwuliza Febronia, mwuza dagaa wa kibanda cha jirani, Mkatoliki mwenye rozari shingoni.

"Kwako anakula?"

"Kwangu? Anakula, anashukuru, na ananitania kwamba dagaa wangu wana mchanga kuliko duara lake."

"Uso anaonyesha?"

"Sasa atakulia wapi kama hana uso?" Febronia akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki. "Labda anaogopa dini yenu, Mama Nyamizi. Labda anadhani mtambatiza upya."

Ilimwuma, asiseme uongo. Kwa nini Febronia aonekane mtu, yeye awe kinyaa? Kesho yake akaingia na kusema wazi, "Mwanangu, sikubatizi kwa uji. Kula ubaki na dini yako." Blanketi likatikisika, ungedhani kuna mtu anacheka ndani yake, au analia. Akabaki hajui.

Kuna jambo jingine lililomkaa kichwani. Kibanda kile hakikuwa cha mtu wa ovyo. Magogo yake yalikatwa yakaingiana vizuri, dari haikuvuja, na kwenye mti wa ukutani palitundikwa ungo mpya na doti ya khanga iliyokunjwa kwa mikono ya kike.

"Una mke?" aliuliza siku ile.

"Ninaye, Mama."

"Yuko wapi, anakuacha hivi?"

Blanketi likakazwa tena.

Jumapili baada ya ibada, Stanslaus alimwita kando. Alikuwa mtu wa Mbozi, mpole, mwenye koti moja la ibada na la shamba.

"Mama Nyamizi, nimesikia mgonjwa wako anakudharau. Tumpangie mwingine huyo, nawe tukupe yule bibi wa Nyakanazi. Anapenda sana watu."

"Mtu wa dharau anaamkia, Mwinjilisti?"

"Wapo."

"Na kidonda nani ataosha? Febronia anakwenda ziwani kufuata dagaa, harudi leo wala kesho. Kile kidonda kikiachwa, mguu unakwenda. Mguu ukienda, naye anaufuata."

"Lakini hakuruhusu umwoshe."

Mama Nyamizi alifunga upya khanga yake kiunoni. "Nipe kesho tu," alisema. "Nataka kujua nimemkosea nini. Nisipojua, sitalala."

Kesho yake akawahi kuliko siku zote. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Alipokata kona ya mwisho, kwenye ile njia nyembamba itokayo chooni, huyo hapo mbele yake! Mgonjwa amesimama, ameegemea fimbo, shati halina vifungo, jasho linamtoka kwa maumivu. Kijana wa watu, mrefu, mwembamba, macho ya homa. Wakaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

Yule kijana alitupa fimbo. Akaruka. Kwa mguu ule uliooza akaruka nje ya njia, akaingia kwenye vichaka vya miiba, akachutama na kumpa mgongo, shati amelivuta juu ya kichwa. Miiba ilimchana, naye hakutikisika.

"Hata njia unanikimbia!" Mama Nyamizi alipaza sauti, hasira zimempanda mpaka kooni. "Mimi nina ukoma? Nimekuibia? Sema basi nilichokufanyia, nami nitakuacha!"

"Pita, Mama," alisema kijana. "Nakuomba upite."

Mdomo wa Mama Nyamizi ulikuwa wazi kwa neno jingine. Kisha akautazama ule mgongo.

Aliwahi kuona mgongo kama ule. Alikuwa bado mke mgeni, wanatoka shambani na Jilala, Jilala amejitwika robota la pamba. Kwa mbali akatokea mama mzazi wa Anisia, maana Anisia ndilo jina la Mama Nyamizi mwenyewe kabla hajamzaa Nyamizi. Jilala alivyomwona mkwewe tu, alichupa ndani ya mtama na robota lake kichwani, akachutama huko, mgongo njiani. Mama yake akajifunika khanga, akapita upande wa pili, huku mabega yanacheka. Ndivyo Wasukuma wanavyowaheshimu mama wakwe zao, na Jilala aliishika heshima hiyo mpaka kufa. Hakula mbele ya mkwewe. Hakumtazama usoni. Jina lake, Kabula, hakulitamka hata siku moja, na kwa kuwa mkamua maziwa wao naye aliitwa Kabula, maskini Jilala alikuwa akisema, "Mwambieni yule mama wa maziwa." Anisia alikuwa akimchekea mpaka machozi.

Lakini yeye mwenyewe hajawahi kukimbiwa na mtu. Hakuwa na mkwe. Angejuaje?

Sufuria ilimwelemea. Akaiweka chini katikati ya njia. Akavuta khanga, akajifunika uso, na polepole akageuka, naye akampa kijana mgongo.

"Nyamizi yuko hai?" aliuliza.

Ndege walikuwa wengi asubuhi ile. Alitamani wanyamaze wote.

"Yuko hai, Mama. Mzima kabisa."

Alikaa palepale kwenye vumbi karibu na uji wake, akalia kwa sauti, bila aibu, kama ambavyo hakulia hata siku ya kumzika Jilala. Kijana naye huko kwenye miiba alikuwa anavuta makamasi.

"Jina lako nani?"

"Mabula, Mama. Wa Mhunze."

"Mabula wa Mhunze, wewe ni mjinga."

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto wangu umenificha tangu vita vya Kagera! Baba yake amekufa anachungulia njia!"

"Ndiyo, Mama. Tulisema tukipata kitu tutakuja kwa adabu, na wazee, na ng'ombe. Duara halikutoa kitu. Mwaka ukaisha, tukaona aibu. Wa pili ukaisha, aibu ikazidi. Uliposema pale mlangoni wewe ni nani, nilitamani ardhi ipasuke."

"Si ungesema!"

"Ningesemaje, Mama?" Sauti ya kijana ikapanda kwa uchungu. "Mama mkwe ameingia hadi kitandani, mimi sina hata suruali, na anataka kunishika paja!"

Mama Nyamizi alicheka. Alikuwa bado analia, na kicheko kikamtoka chenyewe, kikamkaba, akalazimika kukohoa.

"Haya, toka huko miibani. Mimi natangulia, sitageuka."

Hakuingia tena kibandani. Alimkimbilia Stanslaus, akamkuta anapiga matofali ya nyumba ya ibada, akamweleza huku anahema. Mwinjilisti akabaki ameshika kibao cha matofali, udongo unamdondoka.

"Kumbe alikuwa anakuheshimu!"

"Na mimi nikamtukana. Chukua chumvi, twende. Wewe ndiye utakayeosha."

Saa moja baadaye Mama Nyamizi alikuwa nje ya kibanda, ameelekeza mgongo mlangoni, anachochea moto. Maji ya chumvi yalikwisha kuchemka na kuingizwa ndani, na sasa alikuwa anapika uji mwingine, maana ule wa kwanza kuku wa machimboni walikuwa wameupata njiani. Nyuma ya gunia alimsikia Mabula akiuma meno, na Stanslaus akimwambia taratibu, usaha unatoka, vizuri, acha utoke, kesho lori la pamba linakwenda Kahama, tutakupandisha ukaonwe na daktari.

"Uko hapo, Mabula?" aliuliza Mama Nyamizi bila kugeuka.

"Nipo, Mama."

"Mkeo yuko wapi?"

"Kwa mama yangu, Mhunze. Amekwenda kujifungua. Gogo lilianguka yeye ameshaondoka, hajui."

Kwa mama yake Mabula. Siyo kwake. Mama Nyamizi aliiacha ile imchome, kwa sababu ilikuwa na haki ya kuchoma. Aliongeza unga, akakoroga.

"Ni wa kwanza?"

"Wa pili, Mama. Wa kwanza yupo, wa kike. Anakimbia sasa. Amekwenda na mama yake."

Mwiko ukasimama, kisha ukaendelea.

"Anaitwa nani?"

Maji yalisikika yakidondoka kwenye beseni.

"Mama anauliza jina la mtoto," alisema Stanslaus. "Umelisahau?"

"Sijalisahau, Mwinjilisti."

"Basi liseme."

"Siwezi kulitamka."

"Kwa nini usiweze? Jina la mwanao mwenyewe?" Stanslaus alikuwa ameshangaa kwelikweli. "Na nyumbani unamwitaje?"

"Mke wangu humwita kwa jina lake," alisema Mabula. "Mimi humwita Bibi."

Stanslaus akainua gunia, akachungulia nje ili amwombe Mama Nyamizi amfafanulie mambo haya. Hakuuliza. Mama Nyamizi alikuwa amejifunika uso mzima kwa khanga, na mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Mwache, Mwinjilisti," alisema kutoka ndani ya khanga. "Ameshalisema."

Uji ulikuwa umeanza kushika chini. Akauepua, akajaza bakuli, akalipuliza. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, macho yake yakitazama barabara ya Kahama, akaupitisha mkono chini ya gunia. Huko ndani mikono miwili ikalipokea bakuli.