Ngazi Hukaguliwa kwa Chini

Baba alikuwa na kawaida moja kila alipofunguliwa ramani. Kabla ya kuangalia milango wala madirisha, kidole chake kilikwenda kona ya chini kulia, pale panapoandikwa jina la msanifu. "Hapa ndipo anapokaa wa kulaumiwa," alikuwa akituambia. Alijenga nyumba za watu miaka thelathini na mbili mpaka mgongo ukamgomea, na kitu alichokuwa akikitamani kuliko vyote ni kuiona kona hiyo siku moja ikiwa na jina letu. Ndiyo maana nikasomea usanifu wa majengo, na ndiyo maana, nilipomaliza chuo, tuligombana.

Shahada peke yake haikutosha. Ili bodi ya wasanifu ikupe muhuri wako, sharti ufanye kazi miaka miwili chini ya msanifu mwenye leseni, naye akusainie daftari la mafunzo wiki kwa wiki. Nilizungukia ofisi kumi na moja. Kumi hazikunijibu hata kwa kunifukuza. Ya kumi na moja ilikuwa ya bwana mmoja ambaye kila mtu alimwita Mkuu, mpole, mcheshi, mwenye miwani iliyoshinda kichwani huku akiitafuta mezani.

"Mshahara sina," aliniambia bila kupepesa macho. "Lakini hapa utajifunza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Wiki hiyo hiyo mjomba, kaka yake mama, alikuwa akinitaka dukani kwake nikauze vigae vya sakafu, kwa mshahara wa kila mwezi. Nyumbani kikakaliwa kikao.

"Mkono mtupu haulambwi," mjomba alisema. "Huyo bwana anatafuta mtumishi aliyesoma, basi."

Baba alikuwa amejiegemeza ukutani, mto nyuma ya mgongo. "Mimi sijawahi kumrudisha kibarua kwake mikono mitupu. Hata mvua inyeshe, zege liharibike, kibarua anapata chake. Mtu akikwambia umfanyie kazi bure, binti yangu, ujue ameshakupima akakuona huna uzito."

"Sasa jina litafikaje kwenye kona, Baba?"

Nilimchoma makusudi. Jumatatu nikaenda kujitolea, na mjomba akamwajiri binti wa jirani, ambaye leo anasimamia duka zima na akiniona hunisalimia kwa huruma. Huruma yake siipendi.

Karani wa Mkuu alikuwa ameacha kazi, kwa hiyo nilirithi simu, funguo na birika la chai. Miezi miwili mizima sikushika penseli ila kuandika nani kapiga. Kila Ijumaa Mkuu alisaini daftari langu kwa saini yenye mkia mrefu, na kwenye sehemu ya "kazi iliyofanyika" aliniambia niandike "uratibu wa mradi". Chai nayo inaratibiwa, nadhani.

Mwezi wa tatu ndipo aliponikabidhi kitu cha maana, modeli ya maktaba ambayo wateja walikuwa wanakuja kuiangalia saa sita mchana. Kuta nilizisimamisha vizuri. Nilipofika kwenye ngazi kubwa ya katikati, kadi ngumu ikaisha, na pesa ya kununua nyingine hapakuwa na wa kuitoa. Mkuu akanionyesha trei iliyojaa barua kwenye meza ya karani.

"Kadi zote hizo ni mialiko ya sherehe na mikutano," alisema. "Kata tu. Mimi siendi popote."

Nikakata. Vipandio kumi na vinane, upande mweupe juu, upande wenye maandishi chini. Sikusoma hata kadi moja. Saa ilikuwa inakwenda na gundi inakauka. Wateja walipokuja waliipenda ngazi kuliko jengo lenyewe. Mkuu akawaambia, "Ofisi yetu inajali vitu vidogo," na modeli ikawekwa mapokezi, ambako imekaa mpaka leo. Nilifurahi siku ile, sitasema uongo. Nilirudi nyumbani nikamweleza Baba kila kipandio, naye akasikiliza kana kwamba namweleza ngazi ya zege.

Miaka miwili ikaisha. Nilichora vyoo, nikachora maegesho ya magari, nikachora vyoo tena, na kwenye kona ya chini kulia palikuwa na jina la mshirika wa Mkuu, mzee wa mji mwingine ambaye muhuri wake ndio uliotumika kwa michoro yote. Lakini daftari lilijaa. Nilipolipeleka bodi, Baba alikuwa ameshachagua kiwanja cha mawazoni: mimi nichore, yeye asimamie akiwa kitini.

Dada wa dirishani alilifungua daftari, akaingia kwenye kompyuta yake, akalifunga.

"Leseni ya huyu bwana iliisha mwezi wa tatu wa mafunzo yako. Hakuihuisha. Saini zake zote tangu hapo hazihesabiki."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Yeye ndiye aliyetakiwa kujua. Tulimwandikia, tukamtumia na kadi ya kumbusho la mwisho." Akalisukuma daftari kwangu. "Miezi miwili ya mwanzo tunaikubali, dada."

Miezi ya chai.

Mkuu aliposikia alikasirika kweli, lakini si kwa ajili yangu. "Kadi gani? Mimi sijaona kadi! Hao watu wa bodi ni waongo." Kisha akapoa, miwani ikashuka kutoka kichwani. "Usijali. Leseni nitaihuisha wiki hii, tuanze upya. Miaka miwili ni nini? Wewe bado kijana." Nikaenda chooni, kimoja kati ya vyoo ambavyo sikuvichora mimi, nikalia hadi nikakohoa.

Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho tunakwenda wote."

Alivaa shati lake la shughuli. Njia nzima alikuwa akirudia maneno yake kama mtoto anayekwenda mtihani: kosa ni la Mkuu, kwa hiyo ama aniandikie barua ya ajira yenye mshahara, ama aende mwenyewe bodi akakiri kosa lake kwa maandishi. "Tena nitamwambia nimesimama," alisema. "Sitaki kiti chake."

Mkuu alikuwa na mgeni, tukaambiwa tusubiri mapokezi. Baba, kweli, alikataa kiti. Akaiona modeli.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Baba."

Aliizunguka taratibu. Alipima kuta kwa jicho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kuinama. Nilimwambia aangalie mgongo, akanipungia mkono. Ngazi hukaguliwa kwa chini, ndivyo alivyowafundisha vibarua wake wote, kwa sababu juu kila fundi hupapaka vizuri na uchafu huuficha chini. Akashika ukingo wa meza, akachungulia chini ya vipandio vyangu.

Alisoma polepole, neno moja moja, kwa sauti ya chini, kama anavyosoma vipimo. "Bodi ya... Kumbusho la mwisho... leseni yako itakoma tarehe..." Maneno mengine yalikuwa kwenye kipandio kinachofuata, na mengine kwenye kingine. Alivisoma vyote.

Nilimwona Baba amebaki ameinama, muda mrefu kuliko mtu mwenye mgongo ule anavyoweza kuinama. Nilitaka kumwambia kwamba Mkuu ndiye aliyeniambia nikate. Nikaacha. Sote wawili tulijua ingekuwaje: neno langu dhidi ya lake, na wembe ulikuwa mkononi mwangu.

"Hivi vipandio ulivikata wewe?"

"Mimi, Baba."

Nilimsaidia kunyooka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Aliitazama ngazi kwa juu, ule upande mweupe.

"Vyote viko sawa," alisema. "Hakuna kilichozidi mwenzake."

Mlango ukafunguka. Mkuu akatoka na tabasamu lake, mikono mbele. "Mzee wangu! Karibu, karibu sana. Najua umekuja na hasira, na una haki."

Baba alimpa mkono. Halafu akakaa, kwenye kile kiti alichokikataa.

"Hapana, Mkuu," alisema. "Tumekuja kuomba mtoto aanze upya."

Mkuu alinitazama, akamtazama yeye, akapumua kwa nafuu. "Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Leo leo nampa daftari jipya." Akasita kidogo. "Na hilo suala la malipo, mzee, amekueleza?"

"Ameshanieleza," Baba alisema. "Hatuna neno."